Nimepanda Ngamia Mmoja na Baba Mkwe

Jumapili, Oktoba. Mbeya. Upepo tangu asubuhi, vumbi mpaka kwenye meno. Hasira ipo palepale nilipoiacha jana.

Nimetoka kanisani, nimevua viatu, nimekaa kwenye ngazi ya uani na simu yangu. Kanisani nilisimama wakati wa kusimama na kukaa wakati wa kukaa. Mchungaji alihubiri nini, msiniulize.

Jana tulikwenda jangwani.

Nimeandika neno hilo na nikacheka peke yangu. Jangwani! Mbeya hii, tunakolala na blanketi mbili, tumeamshwa kabla jua halijachomoza, watu wazima na akili zetu, tukashuke Usangu kupanda ngamia jangwani. Na jangwa lenyewe ni nini? Ni mashamba ya mpunga yaliyokwisha kuvunwa, mbele kidogo ya Rujewa, na kipande cha mchanga wa mto uliokauka kwa kiangazi. Mtu mmoja mjanja amezungushia kamba, ameleta ngamia watatu kutoka kaskazini, amepigilia ubao umeandikwa "Sahara Ndogo," basi. Watu wanapanga foleni. Huku nyuma nyaya za umeme, huku mbele pawatila ya kulimia inakoroma, na katikati ya Sahara ng'ombe wa watu wanakula mabua.

Mwenye wazo ni wifi yangu Atu, dada wa mume wangu. Atu anaishi Dar. Akija Mbeya anataka kila siku kuwe na tukio, na kila tukio liwe na picha. Mara hii alikuja na begi zima la kanzu nyeupe na vilemba, eti familia yote tuvae, tuonekane Waarabu.

Mimi ni fundi cherehani. Nina meza yangu Mwanjelwa, na nguo naisoma kwa vidole. Zile kanzu zilishonwa na mtu anayechukia binadamu. Pindo limepanda upande mmoja, mshono wa bega unakaa karibu na kiwiko, na ya baba mkwe ilikuwa na kola ya shati la shule. Nikamwonyesha Atu.

"Wifi na wewe," akasema, "si ya picha tu!"

Ya picha tu. Ningejibu ningeambiwa Wahehe tuna hasira, na ni kweli tunazo, lakini sipendi kukumbushwa na mtu aliyevaa kilemba cha kuazima.

Mume wangu, Baba Bupe, yeye alifurahi. Alivaa kanzu yake kuanzia nyumbani. Tuliposimama Igawa akashuka hivyo hivyo, akanunua miwani ya jua, akarudi kwenye gari akijitazama kwenye kioo cha dereva. Nikageuza uso dirishani. Kuna wakati mtu uliyeolewa naye unatamani watu wa kituoni wasijue ni wako.

Sikwenda kwa ajili ya ngamia. Nieleweke. Nilikwenda kwa sababu ya mwanangu.

Bupe ana miaka tisa. Ni mtoto wangu wa pekee, ananisaidia kutunga uzi kwenye sindano jioni macho yangu yakichoka, na anaongea kuanzia anapoamka mpaka usingizi unapomkatiza. Mwezi uliopita mume wangu aliniambia Atu anamtaka. Amchukue Dar, akae naye, aanze shule ya Kiingereza Januari. Nikasema sitaki. Akakuna kichwa. Akasema dada ameshaamua, na Mzee karibu anakubali, sasa yeye afanye nini?

Mzee ndiye baba mkwe wangu. Kwenye ukoo ule Mzee akishasema, imekwisha. Hata mwenye hoja anaimeza na chai. Na neno lake lilipangwa kutolewa jana, baada ya chakula, hukohuko Sahara. Ngamia walikuwa sukari ya kumlainishia mtoto.

"Mwambie Mzee kwamba mimi sitaki," nilimwambia mume wangu.

"Nimemwambia. Anafikiri."

Nikaenda kwa mama mkwe. Akasema hayo ni ya wenye mtoto. Wenye mtoto! Mimi niliyembeba ni nani, konda?

Mtauliza kwa nini sikumwendea Mzee mwenyewe. Siwezi. Mimi nimezaliwa Kalenga, Iringa, na kwetu mkwe unapiga goti, unamsalimu kamwene, unampa kiti, maisha yanaendelea. Lakini nimeolewa kwa Wanyakyusa. Kwao mke wa mtoto hamtazami baba mkwe usoni. Hakai naye chumba kimoja, hampi mkono, hali naye, hata jina lake halitaji. Mkikutana njiani, wewe unakata kona. Wengi wa mjini wameacha siku hizi, wanacheza muziki na wakwe zao kwenye sendofu. Ukoo wa mume wangu haujaacha.

Mzee akija kwangu, mimi nahamia jikoni. Akitaka maji anamwambia Bupe, "Mwambie mama yako naomba maji." Mimi nipo nyuma ya pazia, nimesikia kila neno, na bado nasubiri mtoto aje anirudishie. Halafu nami namtuma: mwambie babu maji haya hapa. Ndivyo tunavyoongea. Miaka yote niliyoolewa, sijui Mzee anafananaje akicheka.

Sijawahi kulalamika. Tena nakiri desturi hiyo ina raha yake, maana mkwe asiyekuona hakukosoi mboga. Ila mwezi huu mzima nimeichukia ile desturi. Mtu mmoja tu duniani anaweza kunibakishia mwanangu, na ndiye mtu mmoja ambaye sina ruhusa ya kumwambia neno.

Kwenye gari Mzee alikaa mbele na dereva. Mimi nikakaa siti ya mwisho kabisa na masufuria ya chakula, nimegeukia kioo cha nyuma, mgongo wangu umeelekea mgongo wake. Bupe alikuwa katikati na shangazi yake, wanaimba. Kila alipocheka nilihisi mtu ananivuta sikio.

Basi tukafika. Joto la Usangu likatupokea. Mama mkwe akawatazama wale ngamia, wakatafuna na kumtazama yeye, akasema kwa Kinyakyusa kwamba hapandi kitu chenye midomo ya namna ile, akaenda kukaa kwenye kibanda cha makuti. Ndiye mwenye busara kuliko wote, na hakuna aliyemsikiliza.

Tandiko la wale ngamia lina viti viwili vya bomba, kimoja kila ubavu, nundu iko katikati. Mchunga ngamia ni baba mmoja wa makamo, familia yake ilihamia Usangu na mifugo. Alitueleza mara moja tu: pande zote mbili zilingane uzito, la sivyo tandiko linazunguka na mtu anakwenda chini.

Atu akashika uongozi. Hakuna aliyempa. Yeye na kaka yake, wote wamejaza miili, wakapanda ngamia wa kwanza. Hata huko juu hakunyamaza, anapanga tu kwa mkono. Bupe akakalishwa ngamia wa pili, na upande wake mwingine wakafunga kiroba cha pumba za mpunga na mawe. Mwanangu akawa Mwarabu anayesafirishwa na pumba. Alicheka mpaka akapaliwa.

Ngamia wa tatu alikuwa amepiga magoti. Mzee akasaidiwa kukaa, mguu wake mbovu ukafungwa mkanda. Halafu nikasikia sauti ya Atu.

"Baba mwembamba, wifi mwembamba! Mmelingana kabisa! Wifi, panda haraka!"

Jamani.

Kibandani mama mkwe alisimama, akashika kichwa. "Atu! We Atu! Umerogwa?" Mume wangu akageuka kule juu na miwani yake, mdomo wazi, hasemi kitu. Kutosema kitu ndiyo kazi anayoiweza. Atu mwenyewe alikuwa anatafuta upande mzuri wa simu. Dar imemtoa yale mambo kichwani, alisahau kabisa mimi ni nani kwa baba yake.

"Mama, kaa," mchunga akaniambia. "Upande mmoja ukiwa mtupu huyu hasubiri."

Nilikuwa na nafasi ya kukataa. Ningesema tu hapana, wangemshusha Mzee, wangenisifu mkamwana mwenye adabu, na tungekwenda kula na kusikiliza mwanangu akigawiwa.

Nikapanda.

Ngamia anainuka kwa nyuma kwanza. Hakuna aliyeniambia. Nikatupwa mbele, nikapiga kelele, "Mama yangu!" na ng'ambo ya nundu nikasikia mtu mwingine anasema, "Yesu!" Ndilo neno la kwanza nililowahi kusikia kutoka kwa Mzee bila kupitia kwa mtoto.

Tukaanza kwenda. Mbele kabisa Atu anajipiga picha, nyuma yake Bupe na pumba zake, sisi wa mwisho. Mimi natazama Rujewa, Mzee anatazama mtoni. Katikati yetu nundu yenye manyoya, inanuka mkojo na jasho. Nilikaza macho kwenye magoti yangu.

Tukaenda hivyo. Nilitafuta neno la kuanzia na sikulipata. Unamwanzaje mtu kama yule?

"Ngamia," Mzee akasema.

Nikadhani joto limempata.

"Ngamia, mwambie mama aliyekaa huko upande wako mwingine asiogope. Mimi sijamwona, na yeye hajaniona. Umetusitiri."

Mchunga alikuwa mbele ameshika kamba. Mabega yake yalicheza kidogo, lakini hakugeuka. Namshukuru.

"Ngamia, mwulize pia jambo linalonisumbua. Mwulize, mtoto wake amemkosea nini mpaka anamtoa nyumbani?"

Sikuelewa. Nikasema kwa sauti niliyoiokota mahali, "Ngamia, mwambie Mzee sijaelewa."

"Mwambie, mwanangu alikuja kwangu. Alisema mke wake amechoka, kazi ya cherehani imembana, hamwezi tena mtoto. Alisema mke wake mwenyewe ndiye aliyemwomba Atu amchukue. Mimi nikasema, mama akisema amechoka, nani atamlazimisha? Ndiyo maana leo nataka kukubali. Lakini moyo haujatulia."

Nilikasirika mpaka nikasahau kushika chuma.

Yaani mwezi mzima! Mwezi mzima nimelala nikimlaani Atu. Nimemnunia mama mkwe. Nimemwona Mzee ni ukuta. Kumbe yule bwana amekaa katikati yetu, ananiambia baba ndiye anayetaka, anamwambia baba mke ndiye anayetaka. Alijua hatutawahi kuulizana. Alijua mimi na baba yake hatuna mlango wa kuongelea, akaitumia desturi ya babu zake kunifunga mdomo. Khaa! Na kanzu amevaa!

"Ngamia," nikasema, na sasa sauti ilikuwa yangu. "Mwambie Mzee sijachoka. Mwambie sijamwomba mtu yeyote. Tangu siku ya kwanza nilisema sitaki, nikaambiwa Mzee ameshapewa neno langu na anafikiri. Mwambie mwanangu namtaka nyumbani kwangu. Na kama mkamwana ana sauti kwenye ukoo ule, basi yangu ndiyo hiyo."

Ngamia akatoa mlio mrefu wa tumboni, kama mtu aliyeshiba maneno. Nilianza kuogopa. Nilifikiri nimevuka mpaka, kwamba nikishuka pale nitarudishwa Kalenga na masufuria yangu.

"Ngamia, mwambie nimesikia," Mzee akasema mwishowe. "Mwambie, ndaga."

Ndaga ni asante. Hakusema tena neno mpaka tuliposhuka, na aliposhushwa mimi nilikuwa nimegeukia mtoni, uso wangu umefunikwa na kilemba alichonivalisha Atu. Ndiyo kazi pekee ya maana kitambaa kile kilichofanya siku nzima.

Chakula kilikuwa wali wa Rujewa na kuku wa kienyeji, nimewapika mwenyewe. Wao walikula kibandani. Mimi nilikula nyuma ya kibanda na masufuria, mahali pangu. Kupitia kwenye makuti nilimwona mume wangu kwa mgongo. Anacheka kwa sauti, anamsimulia mama yake jinsi alivyomwongoza ngamia. Hakumwongoza ngamia. Alikaa kwenye kiti cha bomba akashikilia miwani.

Mzee akakohoa, wakanyamaza.

"Kuhusu mtoto," akasema. "Mtoto anabaki kwa mama yake. Nimeshauriana na ngamia."

Wakacheka! Mama mkwe alicheka mpaka akajifuta macho, dereva akapiga paja. Bupe akauliza ngamia amesema nini hasa. Mzee akamwambia ngamia ni mnyama mkweli. Wakacheka tena.

Mume wangu peke yake hakucheka. Nilimwona anavua kilemba taratibu, anakikunja, anakikunjua.

"Lakini Baba," Atu akasema, "si wifi mwenyewe ndiye..." Akakatiza. Akamtazama kaka yake. Akaendelea kumtazama.

Baadaye alinifuata nyuma ya kibanda, amebeba sahani chafu. Sijawahi kumwona Atu amebeba sahani chafu.

"Wifi, mimi niliambiwa wewe ndiye unayetaka."

"Nani alikuambia?"

Akachuchumaa, akaanza kusafisha sahani kwa mchanga wa Sahara. "Nilidhani nakusaidia," akasema. "Hata kitanda nilishanunua, cha pinki." Akafuta pua kwa mkono wa kanzu, mkono ukachanika kwenye mshono wa bega, palepale nilipomwonyesha.

Basi nimeondoa dharau yangu kwa Atu katika suala la mtoto. Nilimwonea. Katika suala la kanzu, picha na jangwa, dharau yangu inabaki na afya yake.

Nimefikiri usiku kucha kwa nini mume wangu alifanya vile, na nasikitika kusema sababu yake ni ndogo sana. Hana ubaya mkubwa, na hilo ndilo linaloudhi. Angekuwa mbaya kweli ningemwogopa. Yeye anataka tu akae kijiweni aseme, "Wangu anasoma Dar, Kiingereza kitupu." Aliogopa kuniambia usoni anachokitaka, akaogopa kumwambia baba yake, akaona rahisi kuwatumia wanawake wawili na mzee mmoja kubeba uoga wake.

Leo tumekunywa chai kabla ya kanisa. Njia nzima ya kurudi jana hakuniuliza chochote, na mimi sikumpa chochote. Bupe alikuwa amekwisha kutoka kucheza. Mume wangu akapaka siagi kwenye mkate, akacheka kile kicheko chake cha kujaribu maji.

"Mzee anazeeka sasa," akasema. "Mpaka anaongea na wanyama."

Nikaweka kikombe chini.

"Wanyama wanamjibu," nikasema. "Tena wanamweleza vizuri."

Akaacha kutafuna. Tukatazamana, na nikaona ameelewa kwamba najua. Nilisubiri aseme neno, hata la uongo. Akachukua Biblia yake akasema tutachelewa.

Sasa nimekaa hapa kwenye ngazi na sina haraka ya kuingia ndani. Bupe anaruka kamba na watoto wa jirani, anahesabu kwa kupiga kelele, anaruka namba na hakuna anayemsahihisha. Yupo. Januari atakuwepo. Hilo limekwisha, na namshukuru Mungu, namshukuru na Mzee.

Lililobaki ni langu. Miaka yote hii nimekuwa nikimkimbilia jikoni mtu ambaye hajawahi kunidanganya, na kila asubuhi namtazama machoni mtu anayenidanganya, namwuliza kama chai yake niiongeze sukari.

Kesho akitoka kazini nitamkalisha mbele yangu, nitafunga mlango, nitamwuliza mara moja. Akisema ukweli, tutaanzia hapo. Akikuna kichwa, mimi na mwanangu tutapanda basi la Iringa, tukamsalimie mama yangu Kalenga, na tarehe ya kurudi nitaipanga mwenyewe.